Nguo za Zambarau Kambani

Muwasho ulinianza nikiwa na mimba yangu ya kwanza, muda mfupi baada ya kung'olewa jino na kumezeshwa dawa za kuua vijidudu. Wakati huo sikujua kwamba jino, mimba na muwasho vinaweza kuwa na uhusiano. Nilijua tu kwamba nimesimama mbele ya watoto wa chekechea kule Nyamasaria, ninawaimbisha herufi, na huku chini ninawaka kama niliyekalia upupu. Watoto waliimba. Mimi nilibana mapaja na kuendelea kuandika ubaoni.

Mwanamke anaweza kuficha mengi akiwa na mahali pa kujifichia. Mimi sikuwa napo. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Nyalenda mjini Kisumu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, katika ploti ambayo milango yake ilitazamana. Upande wa dirisha ulikuwa wangu na mume wangu. Upande wa mlango alilala mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea kutoka nyumbani mwaka uliotangulia na hakuwa ameonyesha dalili ya kurudi. Bafu la ploti lilikuwa mabati yaliyosimamishwa bila paa, na mlango wake haukufika chini, kwa hiyo aliyekuwa anangoja nje aliona miguu yako na kukisia unachofanya. Maji tulichota kwenye bomba la pamoja, na pale bombani wanawake walijua nani amefua nini kabla nguo hazijakauka.

Mume wangu alikuwa utingo wa lori la mizigo. Lori likishapita Busia kuelekea Kampala, sikujua tena atarudi lini, na yeye pia hakujua. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka kwa urahisi, na mshahara wake aliuleta nyumbani. Lakini ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mke wa mtu wa malori alikuwa anaangaliwa mara mbili. Ule ugonjwa mpya ulikuwa unatajwa kwa maneno nusunusu. Kila nilipokwenda kwetu Luanda Kotieno kumwona mama yangu, nilikuta udongo mbichi katika boma la mtu niliyemfahamu. Wengine walisema ni chira, ile adhabu inayomkausha mtu aliyevunja mwiko hadi afe. Wengine walisema ni ugonjwa wa madereva. Mke wa utingo anayewashwa huko chini hakuhitaji kuambiwa atawekwa kundi gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiweka. Nilikumbuka kila safari ya mume wangu, kila mji aliowahi kuutaja, na nikawa ninamtazama akila ugali kama mtu anayemchunguza mgeni.

Nilianza kujitibu kwa maji ya chumvi. Kisha nikajisugua kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, nikidhani ni uchafu. Sabuni iliongeza moto. Uchafu mweupe ulikuwa unatoka kama maziwa yaliyoganda, hauna harufu kubwa, lakini ulinitia kinyaa na mwili wangu mwenyewe.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama mkwe anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Hakuinua kichwa.

"Nyar Uyoma," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Uyoma, kwa mahali nilikotoka. "Hiyo kitu inakuwasha, usiikune. Ukiikuna inakasirika."

Nilisimama na mkoba wangu begani, nikasema hakuna kitu kinachoniwasha. Akaniambia kwamba pazia si ukuta, na kwamba amekuwa akisikia kitanda kinavyolia nikijipindua. Kisha akasimama na kufunga mlango. Katika ploti yetu, mlango uliofungwa mchana ulikuwa habari yenyewe.

Chini ya kitanda chake palikuwa na kifurushi cha gunia ambacho sikuwahi kukigusa. Alitoa majani ya mwarobaini, akatoa magome ambayo hakunitajia jina, akatoa na ogaka, ile shubiri ya porini yenye utomvu mchungu. Aliyachemsha kwenye stovu ya mafuta ya taa mpaka chumba kikajaa harufu ya uchungu. Akamimina kwenye karai, akaniambia nichuchumae juu yake, akanifunika blanketi. Yeye akaketi kwenye stuli na mgongo wake ameuegemeza mlangoni, mtu asiingie. Nilipokuwa ndani ya blanketi, jasho likinitiririka, niliona kwamba kwa kuketi pale alihakikisha pia kwamba sitoki.

Siwezi kuyasingizia majani yale. Mvuke ulinituliza, na maji yalipopoa nikajiosha nayo, nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mama mkwe hakuniuliza nimeutoa wapi ugonjwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Badala yake alikunja gunia lake, akalisukuma chini ya kitanda, akarudi kwenye omena zake.

Lakini muwasho ulirudi, na yeye akaongeza dawa. Kila jioni nilipotoka Nyamasaria nilikuta mlango umerudishwa na karai liko tayari. Nilipomwambia kwamba ngozi imeanza kuchubuka, alisema basi tuingie ndani zaidi. Akamenya kitunguu saumu, akakifunga kwenye kitambaa chembamba, akaniambia mahali pa kukiweka na niketi nacho mpaka usingizi unichukue.

Usingizi haukunichukua. Niliungua hadi nikauma blanketi. Nilimwambia mama mkwe inachoma, akasema ni dawa inapigana. Nilitaka kukataa, lakini mke mgeni anamkataliaje mama wa mumewe ndani ya chumba kimoja? Ningekwenda wapi baada ya kukataa? Ningevuka pazia, basi. Na nilikuwa ninamwogopea mtoto, kwa maana sikujua ule moto unafika wapi. Kesho yake nilifundisha nimesimama kutwa nzima. Mwalimu mwenzangu alinisukumia kiti, nikamwambia daktari amesema nisikae sana.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa kwenye kituo cha afya, mwendo mfupi kutoka kwetu. Nesi wa pale, mwanamke mnene aliyevaa miwani na sweta juu ya sare, aliwauliza wajawazito wote maswali yaleyale mbele ya benchi zima: miguu inavimba, kichwa kinauma, kuna uchafu unatoka. Mara ya kwanza nilijibu hapana kwa kila swali. Baada ya kitunguu saumu, alipofika kwenye lile la uchafu, sauti yangu ikasema ndiyo kabla sijaizuia. Wanawake wa benchi waligeuka. Nesi akanishika mkono na kunipeleka nyuma ya kiambaza cha kitambaa.

Alinitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umeweka nini hapa?"

Nikamwambia. Hakucheka. Aliniambia kwamba nyama ya huko ndani ni laini kama ya ndani ya shavu, akaniuliza kama ninaweza kulala na kitunguu saumu shavuni. Akanieleza kwamba ninachougua ni ukungu, jamaa wa ule unaoota kwenye mkate uliokaa vibaya, na kwamba wanawake wengi wanao mwilini bila kusumbuliwa. Mimba inauamsha. Zile dawa za jino nazo zinaua vijidudu vizuri vinavyouzuia, kwa hiyo ukapata nafasi.

"Si lazima mtu akuletee," alisema. "Inaweza kutoka kwako mwenyewe."

Nilitamani aliseme neno hilo tena, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Lakini hapohapo akaongeza kwamba ni vizuri nije na bwana, tuangaliwe wote wawili, maana magonjwa mengine huja pamoja bila kubisha hodi. Nilimwambia bwana yuko safarini. Akasema akirudi. Nikasema sawa, huku nikijua kwamba hakuna namna ya kumwambia mume wangu sentensi hiyo.

Zile tembe za kuingiza, ambazo ndizo dawa hasa, zilikuwa zimeisha. Alichokuwa nacho ni jivii, ile dawa ya maji ya rangi ya zambarau. Akanipaka, akanipa kichupa na pamba, akanionyesha namna ya kujipaka mwenyewe. Nilitoka pale nikitembea kwa miguu iliyoachana, moyo mwepesi kidogo. Mama mkwe nilimwambia nimepewa dawa ya hospitali na nimekatazwa kuichanganya na nyingine. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akalisimamisha karai ukutani.

Jivii ilifanya kazi. Siku chache tu muwasho ukaanza kulegea. Lakini ina tabia moja: ikishagusa nguo haitoki. Nilifua kwa sabuni, nikafua kwa ndimu, nikaanika juani, madoa yakabaki pale pale. Nilikuwa ninaanika nguo zangu za ndani na vile vitambaa vya kujikingia chini ya leso, kama wanawake wote wa ploti. Alasiri upepo wa ziwani hupanda, na siku moja uliifunua leso hadi juu ya kamba. Nilikuwa bombani. Niliporudi, wanawake wawili walikuwa wamesimama karibu na kamba wakiongea, na waliponiona wakaacha kuongea.

Jivii waliijua. Kila mtu aliijua. Ndiyo waliyopakwa midomoni wale waliokuwa wanarudishwa nyumbani wamekonda, wamefunikwa blanketi juani, midomo ya zambarau. Katika miaka ile rangi hiyo ilikuwa na maana moja tu. Hakuna aliyenitukana. Mama wa mlango wa pili, aliyekuwa ananiazima beseni lake, alisema limepasuka. Pale bombani mstari ulijipanga kwa namna ambayo kila mara palikuwa na nafasi mbele yangu na nyuma yangu. Jirani mmoja akaniuliza kwa upole mwingi kama mtoto bado anacheza tumboni. Mwilini nilikuwa ninapona, na palepale ploti ilikuwa inanizika. Nilipofunga mlango nilijifungia na karai na gunia. Nilipoufungua nilikutana na macho yao.

Mume wangu alirudi Jumapili mchana. Nilisikia sauti yake langoni, nikasikia ikisimama, nikasikia mtu anaongea naye kwa muda. Alipoingia hakuketi. Alisimama katikati ya chumba na begi lake mkononi. Mama yake alikuwa karibu na mlango anachambua kunde.

"Hizo nguo za zambarau ni za nani?" aliniuliza.

Nilinyoosha mkono nimpokee begi, hakuliachia.

"Nimeambiwa njiani, kabla sijafika kwangu. Ninauliza, ni za nani?"

Nilitaka kumwambia maneno ya nesi, kwamba hakuna aliyeniletea. Lakini kwa lugha gani? Sikuwa na Kiswahili wala Kijaluo cha kuyataja mambo hayo mama yake akiwa ameketi palepale. Na chini ya jibu hilo kulikuwa na swali langu kwake, kuhusu safari zake zote. Nikabaki ninatazama begi lake.

Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Ni zangu," alisema.

Mume wangu akageuka.

"Nimesema ni zangu. Mimi ndiyo nimepakwa hiyo dawa. Unataka nikuambie mahali nimepakwa?"

Sijawahi kumwona mwanamume akizeeka upesi vile. Kwetu mtoto wa kiume hasimuliwi mwili wa mama yake; hata kitanda chake haruhusiwi kukikalia. Mume wangu aliinamisha macho, akafungua mlango, akatoka na begi lake. Siku zote zilizobaki kabla ya safari alilala kwenye lori. Hakuuliza tena, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Nilipojaribu kumshukuru mama mkwe, alisema nisimshukuru, nichukue ndoo nikachote maji kwa sababu mtungi umekauka.

Kuta zetu zilikuwa za udongo na mabati, kwa hiyo ploti nzima ilikuwa imesikia. Kufikia jioni zile nguo zilikuwa zake, na hadithi yake ilikuwa tayari inamngoja. Mume wake alipofariki, yeye alikataa kurithiwa. Shemeji aliyepaswa kumchukua kulingana na desturi alikuja na wazee, naye mama mkwe akafunga mlango kwa ndani na kuongea nao kupitia dirishani. Wakamwonya kwamba mjane asiyefuata desturi anajiletea chira. Watu wa kwao waliokaa Nyalenda walikuwa wanalijua jambo hilo. Sasa walikuwa wamepata ushahidi wao, umeanikwa kambani.

Beseni la jirani lilipona, nikaazimwa tena. Wanawake walinionea huruma, wakaniambia niangalie nisitumie kikombe kimoja na yule mzee. Nami nilikubali kwa kichwa, kwa sababu kumsafisha yeye kulimaanisha kuvuta uchafu ule kurudi kwangu, na tumboni nilikuwa na mtoto, na mume alikuwa analala kwenye lori. Nilikuwa nimeokolewa, na wokovu wenyewe ulinibana kuliko lile karai.

Wiki zilipita. Siku moja shule ilifungwa mapema kwa sababu mzazi mmoja alikuwa anazikwa. Nilisukuma mlango bila kubisha. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa juu ya karai, leso imeanguka. Niliona mapaja yake kwa ndani kabla hajajifunika. Ngozi ilikuwa nyekundu, imepasuka, na kwenye mikunjo mlikuwa na weupe ule ule nilioufahamu. Ulikuwa ugonjwa wangu, ila wake ulikuwa umezeeka.

Nilifunga mlango nikaketi kwenye stuli yake. Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu mzee afe," alisema. "Kidogo baada ya pale."

Alinisimulia akiwa amefunikwa blanketi, bila kunitazama. Muwasho ulimjia mwaka ule ule aliowafungia mlango wazee, na kwa hiyo hakuwa na shaka ni nini. Chira ilikuwa imemwingia mahali palepale alipowanyima. Alijaribu kila jani. Mwarobaini ulimpoza, ogaka ikampoza, kitunguu saumu kilimchoma lakini angalau alihisi kinafanya kitu. Alikuja Kisumu kwa sababu nyumbani alikuwa anajikuna mbele ya watu. Kwa hiyo kitanda changu kilipoanza kulia nyuma ya pazia, yeye aliijua sauti ile. Nguo alizosema ni zake, alisema, zingeweza kuwa zake kweli. Alikuwa ametumia hata ile jivii yangu iliyobaki kichupani.

Nilimsihi aende hospitali. Akasema hospitali watamwambia ni ule ugonjwa, na yeye hataki kufa na majina mawili, la chira na hilo.

Nilipokwenda kliniki tena, nilimwambia nesi kuhusu mwanamke mzee ninayemjua. Aliniuliza kama mwanamke huyo anakunywa maji sana. Mimi ndiye niliyekuwa ninachota maji ya nyumba ile. Nilikuwa nimelalamika moyoni kwa miezi kwamba mtungi unaisha na sijui unaishia wapi, kumbe nilikuwa ninamwona kila saa na kikombe mkononi. Akaniuliza kama anakojoa mara kwa mara, kama amekonda. Nikakumbuka kopo lake la usiku, ambalo mimi nilikuwa ninalimwaga asubuhi, na jinsi sisimizi walivyolizunguka. Nesi akavua miwani, akaniambia nimlete kwa njia yoyote.

Nilimwambia mama mkwe kwamba miguu yangu imeanza kuvimba na nesi ameagiza nije na mtu mzima. Ulikuwa uongo, na nadhani aliujua. Alifunga kitambaa chake cha kanisani, akachukua mwavuli, tukaenda.

Nesi alimkaribisha kama anayepima kila mtu anayeingia. Akampa kikopo, mama mkwe akaenda chooni akarudi nacho amekificha chini ya leso. Nesi akachanganya mkojo kidogo na dawa ya bluu kwenye kichupa kirefu cha kioo, akakipasha juu ya moto. Bluu ikageuka kijani, kijani ikageuka njano, kisha ikawa nyekundu kama tofali. Sisi wawili tulitazama tusijue tunaona nini.

"Mama, una sukari," nesi alisema. "Sukari ikijaa mwilini, ukungu unakula na kunenepa. Majani yako yanakupoza, sikatai. Lakini ukishainuka kwenye karai, ukungu unarudi kuila ile sukari."

Mama mkwe alimwuliza, kwa Kijaluo, kama si chira. Nesi akasema ni sukari. Akamwuliza tena, polepole, kama anayezungumza na mtu asiyesikia vizuri. Nesi akajibu vilevile. Safari hii zile tembe za kuingiza zilikuwepo. Akampa, akampa na karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa akaanzishiwe dawa za sukari, akamwonya kuhusu chai yake.

Nilidhani atafurahi. Tulipotoka, aliketi kwenye kibaraza cha kituo na mwavuli kati ya magoti, uso umekauka.

"Usimwambie mtu," alisema. "Hata bwana yako."

Nilimwambia kwamba sasa ndipo tunaweza kusema, tuinue vichwa, ploti ijue. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Shemeji yangu anaogopa chira," alisema. "Ndiyo maana hajagusa mlango wangu miaka hii yote. Akisikia ni sukari tu, atarudi na wazee wake."

"Lakini hapa wanakuepuka, mama."

"Wacha waniepuke. Kuepukwa nimezoea. Kulazimishwa sijazoea."

Ndivyo tulivyoishi. Alimeza dawa zake akiwa amenipa mgongo. Akaacha sukari kwenye chai, akawaambia watu inamuumiza meno. Zile tembe zilimsaidia, na sukari ilipoanza kushuka, ngozi yake ikafunga, akaanza kulala bila kujigeuza. Kuna asubuhi nilimsikia anaimba kwa pua akikoroga uji, akanyamaza aliponiona. Lakini hakuacha kuchemsha majani. Aliyachemsha mlango ukiwa wazi, ili harufu ivuke ua na watu waendelee kuamini wanachoamini. Nami nilimwaga yale maji bombani mbele ya wanawake, uso wangu umetulia, kila siku.

Nilijifungua msichana. Baada ya hapo ukungu haukunirudia. Wanawake walikuja kumwona mtoto, wakabeba zawadi, lakini chai yetu waliikataa kwa heshima, na mama mkwe alipomchukua mjukuu wake walitazamana. Mume wangu alirudi chumbani. Alimpenda binti yake. Siku moja, tulipokuwa peke yetu, nilimwomba twende kwa yule nesi tukaangaliwe kama alivyoagiza. Alisema nisimletee mambo ya hospitali ndani ya nyumba, na akatoka kwenda kuosha lori. Sikuwahi kujua kama alikuwa ananiogopa mimi au anajiogopa yeye. Hatukuachana. Miaka ya baadaye tulipata watoto wengine, na sote tulibaki na afya, lakini hofu ile ililala kati yetu mahali pa pazia hata baada ya pazia kuondolewa.

Liliondolewa kwa sababu mama mkwe alirudi nyumbani. Binti yetu alikuwa ameanza kutembea. Alisema nyumba yake itaanguka isipokaliwa. Dawa nilikuwa ninamchukulia Kisumu na kumpelekea nilipopata nafasi, au kumtumia kwa mtu wa kuaminika, nimezifunga ndani ya unga. Shemeji hakumsogelea. Aliishi nyuma ya ule mlango wake kama alivyotaka, analima kunde, kuku wakimfuata.

Kilichomshinda ni kidonda. Alijikata mguu kwa jembe, akafunga majani, na kidonda kikaendelea chini ya majani huku juu kinaonekana kimekauka. Tulipopata habari, mguu ulikuwa mweusi hadi juu ya kifundo. Hospitali ilijaribu. Alifariki kabla mvua za masika hazijaisha.

Kwenye mazishi yule shemeji yake alisimama mbele ya waombolezaji, mzee sasa, fimbo mkononi. Alisema kwamba desturi haichezewi, na kwamba kila mtu aliyeko pale ameona mwenyewe chira inavyoanza chini na kumla mtu polepole. Watu waliitikia. Nilikuwa nimebeba sufuria ya chai. Ahadi yangu haikuwa na kazi tena. Mlango aliotaka kuulinda ulikuwa umefunguka na watu wanatoka na kuingia. Ningeweza kusema ni sukari. Lakini ningeulizwa nimejuaje, na kujua kwangu kulianzia kwenye karai, na kabla ya karai kwenye kitanda changu, na hapo ningekuwa nimesimama mbele ya mashemeji na wakwe wote nikiwa uchi. Mume wangu alinitazama kutoka upande wa wanaume. Nikamimina chai.

Baadaye, nikiwa nyuma ya jikoni ninasugua masufuria, alikuja mke mdogo wa mpwa wa marehemu, msichana aliyeolewa mwaka huo. Alichuchumaa karibu yangu kama anayetaka kusaidia. Akauliza, bila kunitazama, kama najua majani gani yule bibi alikuwa anachemsha.

Nilimtazama alivyokaa, ameegemea upande mmoja, magoti yamebanana.

Nilimwambia majani yatampoza tu. Nikamwambia aende kituo cha afya, aseme ndiyo akiulizwa, awaombe wapime na mkojo.

"Wakiniambia nilete bwana?" aliuliza.

Niliweka sufuria chini nimgeukie. Kabla sijamjibu, mtu alimwita kutoka uani alete maji ya kunawa, akainuka, akapangusa vumbi kwenye leso na kwenda.